Kwa nini prednisoloni haifungui kifua papo hapo: kazi ya homoni za steroidi ndani ya seli

Mfamasia wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandika uzi huu kwa sababu ya swali ambalo mama mmoja aliniuliza juma lililopita dirishani kwangu, nami sikumjibu kwa namna iliyoniridhisha. Mwanawe wa miaka saba alibanwa na pumu usiku, akapelekwa kituo cha afya, akavutishwa salbutamoli, kisha akaandikiwa vidonge vya prednisoloni vya siku tatu. Mama akaniuliza: "Ile ya kuvuta ilimfungua kifua ndani ya dakika chache, lakini kidonge nimempa muda si mrefu uliopita na sioni kitu. Isije ikawa nimeuziwa dawa bandia." Nilimwambia awe na subira na asiruke dozi. Ushauri huo ulikuwa sahihi, lakini haukumweleza lolote, na mtu asiyeelezwa ndiye anayeacha dawa katikati au anayeongeza dozi kwa siri.

Salbutamoli hugusa kipokezi kilichoko juu ya utando wa seli za misuli inayozunguka njia za hewa, na misuli hiyo hulegea mara moja. Prednisoloni haina kazi na misuli hiyo. Inakwenda ndani zaidi, hadi kwenye kiini cha seli, mahali jeni zinaposomwa, na huko inabadilisha orodha ya protini ambazo seli itatengeneza. Kazi ya namna hiyo haiwezi kumalizika kwa dakika kumi.

Kabla ya kuieleza, inafaa tuelewe kwanza kinachozimwa. Wataalamu wa lugha wametupatia neno mchochota kwa ile hali ya wekundu, joto, uvimbe na maumivu, na mimi nitalitumia, kwa kuwa neno "uvimbe" peke yake huchanganywa na uvimbe wa saratani. Mfikirie mchuuzi aliyechomwa kidole na mwiba wa samaki pale soko la Feri. Seli za ulinzi zilizoko chini ya ngozi hutambua kwamba kuna bakteria na kwamba kuna seli zilizopasuka. Ndani ya seli hizo imo protini iitwayo NF-kB, ambayo siku zote imefungwa na protini nyingine inayoizuia isiingie kwenye kiini. Ishara ya hatari inapofika, kile kizuizi huvunjwavunjwa, NF-kB inaingia kwenye kiini na kufungua jeni nyingi kwa pamoja: jeni za saitokini (protini za ujumbe zinazoziita seli nyingine za ulinzi) kama TNF, IL-1 na IL-6, jeni ya kimeng'enya cha COX-2, na jeni za protini nata zinazoota kwenye kuta za mishipa ya damu. Mishipa inatanuka na kuvuja, seli nyeupe zinanasa ukutani na kupenya nje kuelekea kwenye jeraha. Kidole kinavimba, na kwa kawaida kinavimba kwa faida ya mwenye kidole.

Katika pumu mashine hiyohiyo inawaka bila mwiba wowote. Kuta za njia za hewa zinajaa seli nyeupe aina ya iosinofili, zinavimba na kutoa makamasi mazito. Unaweza kuilegeza misuli kwa salbutamoli mara kumi kwa siku, lakini ukuta uliovimba utabaki umevimba.

Mwili una breki yake wenyewe, nayo ni homoni ya steroidi iitwayo kotisoli; prednisoloni ni steroidi iliyotengenezwa kwa kuiiga, nayo hupita njia ileile. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo mfano wa kofia, huitengeneza kutokana na kolesteroli. Kwa sababu asili yake ni mafuta, kotisoli hupenya utando wa seli bila kuhitaji mlango. Ndani ya ute wa seli inakutana na kipokezi chake, ambacho hukaa kikisubiri huku kimeshikiliwa na protini wasaidizi, mojawapo ikiitwa hsp90. Homoni inapokaa kwenye nafasi yake, kipokezi hubadilika umbo, huachana na wale wasaidizi na kuingia kwenye kiini.

Huko kiini kinafanana na masijala ya ofisi kubwa, na kipokezi chenye homoni ni karani mwenye mamlaka ya kufunga mafaili na kufungua mengine. Kwanza, kinaishika NF-kB na mwenzake aitwaye AP-1 pale pale zilipokaa juu ya jeni, na kuzinyamazisha. Kisha kinaita kimeng'enya cha HDAC2, ambacho huifanya DNA ijikaze tena kwenye protini inazozungukia, hata zile jeni zilizokuwa wazi zisisomeke kwa urahisi. Wakati huohuo kinafungua jeni za protini zinazotuliza: aneksini A1, GILZ, na MKP-1 ambayo hukata mnyororo wa ishara za hatari kabla haujafika mbali. Tena, seli huongeza protini iitwayo tristetraprolini, inayozishika nakala za ujumbe wa saitokini ambazo zilikuwa zimekwisha kuandikwa na kuzipeleka zikaharibiwe. Mimi binafsi hilo la mwisho ndilo linalonistaajabisha zaidi, kwa maana seli haiishii kusitisha amri mpya. Inakwenda pia kuzikusanya barua ambazo zilishatumwa.

Sasa hesabu muda. Jeni isomwe, nakala itoke kwenye kiini, protini ijengwe, na saitokini zilizokwisha kumwagwa zipungue zenyewe. Ndiyo maana katika shambulio la pumu nafuu ya steroidi huonekana baada ya saa kadhaa, na ndiyo maana inapaswa kutolewa mapema, pamoja na salbutamoli, bila kungoja kuona kama salbutamoli itashindwa. Mama yule angelielewa hili kama ningelimwambia.

Mkazi wa Tandika

Ahsante sana, Mfamasia. Nina magoti yanayouma na kila mara ninanunua diklofenaki. Wapo wanaosema deksamethasoni ni "diklofenaki kali zaidi". Je, ni kweli kwamba tofauti yao ni ukali tu?

Mfamasia wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Hapana, mkuu, na dhana hiyo inaumiza watu. Utando wa kila seli umehifadhi asidi ya mafuta iitwayo arakidoniki. Seli ikichokozwa, kimeng'enya cha fosfolipezi A2 huichomoa asidi hiyo, kisha inapita katika moja ya njia mbili. Njia ya kwanza, kupitia vimeng'enya vya COX, inazalisha prostaglandini, ambazo huleta maumivu, joto na uvimbe. Njia ya pili inazalisha leukotraini, ambazo hubana njia za hewa kwa nguvu kubwa. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini, na diklofenaki na ibuprofeni zimo katika ukoo huohuo. Dawa hizo hufunga njia moja tu, tena chini ya njia panda.

Steroidi inafanya kazi juu ya njia panda. Aneksini A1 hupunguza kazi ya fosfolipezi A2, hivyo njia zote mbili hukosa malighafi, na jeni ya COX-2 yenyewe hunyamazishwa. Juu ya hayo yote kuna zile saitokini ambazo diklofenaki haizigusi kabisa. Kwa hiyo hizi ni dawa za daraja tofauti, na kumeza deksamethasoni kwa sababu ya goti lililochoka ni kuingia masijala na kupangua mafaili ya mwili mzima kwa ajili ya kosa la ukurasa mmoja.

Muuguzi mstaafu

Nimefurahi kuona suala hili likiandikwa kwa Kiswahili. Naomba kuongeza jambo ambalo liliwachanganya vijana wengi niliofanya nao kazi wodini. Mgonjwa akianza steroidi, kipimo cha damu huweza kuonyesha seli nyeupe zimepanda, na mtu asiyejua hudhani maambukizi yameongezeka. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni neutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe, zilizokuwa zimenata kwenye kuta za mishipa, ambazo sasa zimebanduka na kuelea katika mkondo wa damu, kwa sababu protini nata zimepungua. Zinahesabika zaidi, lakini hazifiki kwenye jeraha. Limfosaiti na iosinofili, ambazo nazo ni seli nyeupe, hupungua. Homa nayo inaweza kufichika, hivyo mgonjwa anaonekana ametulia huku bakteria wanaendelea na kazi yao.

Mfamasia wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Shikamoo, mama. Nakushukuru kwa nyongeza hiyo. Maneno yako ya mwisho ndiyo kiini cha jambo ninalotaka lieleweke: steroidi haiui kijidudu chochote. Inauondoa mchochota, na kama mchochota huo ulikuwa unamlinda mtu, ulinzi nao umeondoka.

Janga la UVIKO-19 lilitupatia mfano ulio wazi. Mwaka 2020 jaribio la RECOVERY nchini Uingereza liliwapa wagonjwa deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10. Miongoni mwa waliokuwa wakipumulia mashine, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 29.3, ilhali kwa wenzao wasioipata vilikuwa asilimia 41.4. Waliokuwa wakipata oksijeni bila mashine walinufaika kwa kiasi kidogo zaidi. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakunufaika hata kidogo. Dawa ileile, dozi ileile, ugonjwa uleule. Tofauti ilikuwa kama mapafu yalikuwa yanaharibiwa na kirusi zaidi au na mchochota wa mwili wenyewe.

Binti wa Kinondoni

Kaka, naomba nitoke kidogo kwenye pumu, ingawa naamini ni suala moja. Nilitumia krimu ya kujichubua kwa muda wa mwaka mzima, iliyochanganywa na muuzaji mmoja na kutiwa kwenye kopo lisilo na maandishi. Mwanzoni chunusi zilikauka na uso ukang'aa. Sasa ngozi yangu imekuwa laini kama karatasi, mishipa midogo inaonekana mashavuni, na nikikaa siku mbili bila kupaka uso unawaka kama nimemwagiwa pilipili. Niliambiwa kwamba ndani yake huwa kuna steroidi. Je, inawezekanaje dawa ya kutuliza uwekundu ikaleta uwekundu?

Mfamasia wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Pole sana, dada yangu, na nakushukuru kwa ujasiri wa kuliandika hili hadharani, maana wapo wengi wanaolisoma kimya kimya. Nitalijibu kwa kirefu.

Mkorogo wa mitaani mara nyingi huwa na klobetasoli au betamethasoni, peke yake au pamoja na haidrokwinoni na hata zebaki. Klobetasoli iko katika kundi la juu kabisa la nguvu miongoni mwa steroidi za kupaka. Hospitalini hutolewa kwa magonjwa magumu ya ngozi, kwa kawaida si zaidi ya wiki mbili mfululizo na si zaidi ya gramu 50 kwa wiki, nayo haipakwi usoni.

Kumbuka kwamba kipokezi cha steroidi hakipo katika seli za ulinzi pekee. Kipo karibu katika kila seli ya mwili. Chunusi zako zilikauka kwa sababu mchochota ulizimwa. Uso uling'aa kwa sababu mishipa ya ngozi ilibanwa na seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zilipunguza kazi. Lakini karani yuleyule aliingia pia kwenye seli zinazotengeneza kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi unene na uimara, akafunga mafaili yake. Ngozi ikawa nyembamba, mishipa ikaonekana, na kwa wengine hutokea michirizi ambayo haifutiki.

Kuhusu kuwaka: kwa mwaka mzima mishipa ya uso wako imekuwa ikibanwa na amri ya kutoka nje. Amri ikiondolewa ghafla, mishipa inatanuka kupita kiasi, na jeni za mchochota zilizokuwa zimenyamazishwa zinasomwa zote kwa pamoja. Uwekundu huo unamfanya mtu arudie kopo, na kila anaporudia ngozi inazidi kuwa nyembamba. Usiupake tena, lakini pia usibaki nyumbani peke yako. Nenda kwa daktari wa ngozi, ambaye anaweza kukushusha kwa utaratibu na kukupa dawa isiyo ya steroidi ya kutuliza ngozi wakati inajijenga upya. Wekundu hupungua kwa wiki au miezi. Mweleze pia kwamba ulitumia mwaka mzima, kwa sababu steroidi kali ikipakwa eneo kubwa hupenya hadi kwenye damu.

Na kwa wanaopaka krimu za namna hii kwenye fangasi: mwasho utatulia na duara litafifia, lakini fangasi wenyewe wataenea wakiwa wamejificha, hata daktari ashindwe kuwatambua kwa macho.

Kijana wa mazoezi, Sinza

Mkuu, steroidi wanazotumia watu wa kunyanyua vyuma ni hizi hizi?

Mfamasia wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Hapana. Zile ni za jamii ya testosteroni. Umbo la msingi linafanana, kwa kuwa zote chanzo chake ni kolesteroli, lakini vipokezi ni tofauti. Kotisoli hufanya kinyume: ikizidi kwa muda mrefu humega protini za misuli.

Mgonjwa wa viungo, Ukonga

Mimi nina baridi yabisi. Miaka michache iliyopita duka moja la dawa liliniuzia prednisoloni bila cheti, nikameza kila siku kwa miezi minne, na kusema kweli nilipona kabisa, nikaweza kufunga vifungo vya shati na kupanda daladala bila kushikwa mkono. Dawa ilipoisha nikaacha. Siku chache baadaye nilitapika, nikaishiwa nguvu, shinikizo la damu likashuka hadi nikabebwa. Hospitali walisema tezi zangu zimelala. Sikuelewa tezi inalalaje.

Mfamasia wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Mkuu, nasikitika sana kwa yaliyokupata, na mimi kama mfamasia ninaona aibu kwa kosa la dirisha lile.

Nafuu uliyoipata imewastaajabisha wengi kabla yako. Mwezi Septemba 1948, kwenye Mayo Clinic nchini Marekani, Philip Hench na wenzake walimchoma mwanamke mmoja mwenye baridi yabisi dutu ambayo Edward Kendall alikuwa ameitenga kwenye tezi za adrenali, ambayo baadaye ilipewa jina la kotisoni. Ndani ya siku chache mwanamke aliyekuwa hawezi kutembea vizuri aliinuka na kutembea. Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Haukupita muda mrefu kabla madhara hayajaonekana: nyuso zilizojaa na kuwa duara, sukari iliyopanda, mifupa iliyodhoofika, vidonda vya tumbo. Tangu wakati huo wakemia wamejitahidi kutengeneza steroidi inayozima mchochota bila madhara hayo, na ugumu wao uko pale pale tulipoanzia, kwenye kiini cha seli, kwa kuwa kipokezi kinachofanya kazi njema na kinachoharibu ni kimoja.

Ama kuhusu tezi kulala: sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamuru tezi ya pituitari, nayo pituitari hutoa homoni ya ACTH inayoziamuru adrenali zitengeneze kotisoli. Ubongo unapima muda wote kiasi cha steroidi kilichomo kwenye damu. Miligramu 5 za prednisoloni zina nguvu sawa na miligramu 20 za haidrokotisoni (ndiyo kotisoli yenyewe ikitolewa kama dawa), yaani takriban mahitaji ya mwili kwa siku nzima, na deksamethasoni inahitaji miligramu 0.75 tu kufikia hapo. Ulipokuwa unameza vidonge kila siku, ubongo uliona kotisoli imejaa, ukaacha kutoa amri, na adrenali zilizokosa amri kwa miezi minne zikasinyaa. Ulipoacha ghafla hapakuwa na ya nje wala ya ndani, na bila kotisoli mishipa ya damu haiwezi hata kulishika shinikizo lake. Ndiyo maana anayetumia kwa zaidi ya wiki tatu hivi hupunguziwa dozi kidogo kidogo chini ya daktari, na ndiyo maana lazima umweleze kila mganga kabla ya upasuaji au ukiugua sana kwamba umewahi kuzitumia kwa muda mrefu. Wale wanaotumia "deksa" ili wanenepe nao wajione ndani ya maelezo haya.

Muuguzi mstaafu

Marahaba, mwanangu. Niongeze mawili kwa ajili ya mazingira yetu. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini huiondoa prednisoloni mwilini haraka kuliko kawaida, kwa sababu rifampisini huchochea vimeng'enya vya ini, kwa hiyo dozi iliyomtosha jirani inaweza isimtoshe yeye. Pili, kuna mnyoo aitwaye strongiloidi, ambaye huingia kupitia ngozi ya miguu kwenye udongo wenye unyevu na anaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila dalili. Iosinofili ni sehemu ya ulinzi unaomzuia. Steroidi ikizipunguza, mnyoo huzaliana kwa wingi na kusambaa hadi mapafuni, na mgonjwa anaweza kufariki. Mtu aliyetembea pekupeku shambani utotoni amweleze daktari wake kabla ya kuanza dozi kubwa, apimwe au apewe ivermektini, dawa ya minyoo, kwanza.

Mkazi wa Tandika

Baada ya haya yote, Mfamasia, mimi nisingempa mtoto wangu dawa hiyo hata kidogo.

Mfamasia wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Mkuu, ukiondoka na fikra hiyo nitakuwa nimekosea katika kuandika. Siku tatu hadi tano za prednisoloni kwa mtoto aliyebanwa hazitoshi kuzilaza tezi zake, ilhali shambulio la pumu lisilotibiwa linaweza kumuua usiku mmoja.

Kwa matumizi ya kila siku ipo njia iliyo bora zaidi: beklomethasoni ya kuvuta. Dozi yake huhesabiwa kwa mikrogramu, inatua moja kwa moja kwenye ukuta wa njia za hewa, na inayofika kwenye damu ni kidogo. Kipokezi ni kilekile, na jeni zinazofungwa ni zilezile, ila karani huyu ametumwa kwenye chumba kimoja. Nayo pia haifungui kifua papo hapo. Manufaa yake hujengeka kwa siku na wiki, kwa hiyo hutumiwa hata siku ambazo mtoto anacheza vizuri.

Mama yule alirudi juzi kuchukua beklomethasoni ya mwanawe. Tulitoboa chupa ya maji ya nusu lita kwenye kitako, tukachomeka mdomo wa kipulizio hapo na kuziba pembeni, ili mtoto avute kwa utulivu kupitia mdomo wa chupa, dawa isiishie kwenye ulimi. Nimemwagiza amsukutulishe maji na kuyatema kila baada ya kuvuta, kwa kuwa steroidi iliyobaki mdomoni huzima ulinzi wa mdomo pia, na utando mweupe wa fangasi huota humo.